Deni la Dar es Salaam kwa ngoma za Uzaramo

Mpenzi wa muziki wa dansi ukimuuliza Sikinde na Msondo zilizaliwa wapi, atakutajia kumbi za Dar es Salaam. Hajakosea, ila ameishia njiani. Kabla ya kuwa mitindo ya bendi zenye magitaa na matarumbeta, majina hayo yalikuwa ya ngoma. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, na msondo ni ile ngoma ndefu inayofahamika sana kwenye unyago wa watu wa Pwani. Wilaya za Kisarawe na Kibaha zimo katika nchi ya Wazaramo, na jiji lenyewe limeota juu ya ardhi yao.

Ngoma hizo hazikuwa burudani ya kupitishia muda tu. Binti akivunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali. Alifundwa na kungwi, na mikononi akapewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kichwa na kiwiliwili kisicho na mikono wala miguu, akitunze kama mtoto. Siku ya kumtoa, kijiji kizima kilijaa uwanjani. Wapigaji waliwasha moto wa makuti makavu, wakaziegemeza ngoma karibu na ndimi za moto na kuzigeuza pole pole hadi ngozi ikaze. Mmoja aligonga kwa kiganja, akasikiliza, akairudisha motoni. Sauti ilipokaa sawa, mwali alipandishwa begani akiwa amepambwa, na watu wakamtunza kwa fedha. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi na Wazaramo wa Bunju, aliandika mengi kuhusu mila hizi katika kitabu chake cha mwaka 1970.

Halafu kulikuwa na mdundiko. Ngoma hii haikai mahali pamoja. Wapigaji hutembea wakipiga, na umati hufuata nyuma ukiimba na kucheza. Wazee wa Dar es Salaam wanakumbuka walivyoonywa utotoni wasifuate mdundiko, maana mtoto aliweza kuanza nao mlangoni kwao na kujikuta jioni yuko mtaa asioujua.

Safari ya ngoma hizi kuingia mjini haikuwa ndefu. Kisarawe iko nyuma tu ya vilima vya Pugu. Kibaha iko kando ya barabara iendayo Morogoro. Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905, njia ilipita Pugu, Soga na Ruvu kabla ya kufika Morogoro mwaka 1907. Muhogo, nazi, korosho na makaa vilikwenda mjini, na watu walikwenda navyo. Aliyehamia Ilala au Magomeni hakuiacha ngoma kijijini. Akiozesha au akimtoa mwali, aliwaita wapigaji wa kwao.

Mmoja wa watoto wa nchi hiyo alikuwa Muhidin Maalim Gurumo, aliyezaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Masaki, Kisarawe. Mwaka 1964 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ambayo baadaye ilipita katika majina ya JUWATA na OTTU kabla ya kubaki Msondo Ngoma. Mwaka 1978 yeye na wenzake walihama wakaanzisha Mlimani Park, na bendi hiyo mpya ikachukua Sikinde kuwa mtindo wake. Siku hizo bendi bila mtindo haikuwa bendi. Mtindo ulikuwa mapigo, uchezaji na jina la kutambia, na wapenzi wa Msondo na Sikinde walitambiana kama wanavyotambiana wa Simba na Yanga. Mwaka 1985 Gurumo alihamia Orchestra Safari Sound na mtindo wa Ndekule, kisha akarejea Msondo.

Siasa nayo ilisaidia. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akisikitika kwamba wasomi walijua rumba na chachacha kuliko ngoma za kwao. Redio ikafanya iliyobaki. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi hizo katika studio zake za Barabara ya Pugu, barabara ileile inayokupeleka Kisarawe. Kwa hiyo jina la ngoma ya kijijini lilirudi kijijini kupitia redio ya betri, sasa likiwa na gitaa.

Wamarekani wana kisa kinachofanana na hiki. Muziki wao wa country ulikuwa wa watu wa milimani na mashambani hadi redio ya Nashville ilipouanzishia kipindi mwaka 1925, na kampuni ya santuri ilipokwenda Bristol mwaka 1927 kuwarekodi akina Carter Family na Jimmie Rodgers. Tofauti ni kwamba wenzetu waliuwekea muziki huo makumbusho na kuufanya mali. Sisi majina tuliyabakiza kwenye mabango ya bendi, wapigaji wa vijijini tukawasahau.

Na mkondo haukukauka. Vijana wa uswahilini walichukua mapigo ya ngoma za Kizaramo, wakaongeza kinanda kidogo cha Casio na spika za kukwaruza, ukazaliwa mchiriku. Kundi la Jagwa liliufikisha Ulaya, na mwaka 2012 likatoa albamu ya Bongo Hotheads. Kutoka humo, na kutoka kwenye sherehe za vigodoro, ikaibuka singeli ya akina Msaga Sumu na Sholo Mwamba. Anayeishangaa singeli kwa mwendo wake wa mbio hajapata kuuona mdundiko ukikolea.

Gurumo alitangaza kustaafu mwaka 2013, akafariki mwaka 2014 na kuzikwa Masaki, kijijini alikozaliwa. Sauti yake imehifadhiwa katika kanda za redio. Wapigaji ngoma wa vijiji vya Kisarawe na Kibaha hawana bahati hiyo. Wengi ni wazee, na viwanja walivyopigia vinapimwa viwanja vya kujenga nyumba. Halmashauri za wilaya hizi zina maofisa utamaduni, na leo simu ya mkononi inatosha kurekodi. Waende Maneromango, Masaki, Mlandizi na Soga, waandike majina ya wapigaji na ngoma wanazozijua. Nawe msomaji, kama una babu au bibi aliyewahi kushika ngoma hizi, usimsubiri ofisa. Mrekodi mwenyewe, na uanze kwa kumuuliza alifundishwa na nani.