Ziwa Kivu: Ghala Moja, Nchi Mbili

Mpaka wa Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hupita katikati ya Ziwa Kivu. Chini ya mpaka huo, penye kina kinachofikia mita 485, imehifadhiwa hatari isiyotambua bendera: kiasi cha kilomita za ujazo 300 za hewa-ukaa na 60 za gesi ya methane, zote zikiwa zimeyeyuka majini.

Hewa-ukaa hiyo ina asili ya volkeno. Ikiwa ingali ardhini huchanganyika na maji na kuyatia ukali. Maji hayo hula mwamba, huchukua chumvi zake, kisha huingia ziwani kwa chemchemi za sakafuni. Maji ya chumvi ni mazito, hivyo hubaki chini, na uzito wa maji yaliyo juu huizuia gesi isitoke.

Kifuniko cha namna hiyo kikifunguka, matokeo yake yanajulikana. Usiku wa tarehe 21 Agosti, 1986, Ziwa Nyos nchini Kameruni lilitapika hewa-ukaa, ikaua watu wapatao 1,700, wengine wakiwa kilomita nyingi kutoka ziwani. Nalo Nyos ni dogo mno likilinganishwa na Kivu.

Wakazi wa Goma huifahamu hewa hiyo kwa jina la mazuku. Hutoka ardhini, hutuama mabondeni, haionekani wala hainuki. Humwua anayelala humo, na pengine humwua pia anayekimbilia kumwokoa. Askari anayechagua mahali pa kupiga kambi hana budi kulijua jambo hilo.

Nchi hizo mbili zilitambua mapema kwamba ghala ni moja. Methane ya Kivu ilianza kutumika katika kiwanda cha bia cha Gisenyi mwaka 1963. Mwaka 1975 Rwanda na Zaire zilitia sahihi mkataba wa kuichimba gesi hiyo, na baadaye Rwanda ilianza kuitumia kuzalisha umeme.

Januari 2002 volkeno ya Nyiragongo ilipeleka uji wa moto hadi ziwani, lakini maji ya kilindini hayakuvurugika. Mei 2021 ililipuka tena. Gavana wa kijeshi aliamuru sehemu ya Goma ihamwe, kwa hofu kwamba moto ulikuwa umefika chini ya mji na chini ya ziwa. Maelfu ya watu walivuka mpaka na kupokewa Rwanda.

Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, wenye kituo cha kuchunguza volkeno hizo. Vita vinapofika hapo, anayeitazama volkeno kwa niaba ya pande zote mbili huwa hatarini. Gesi ya Kivu haitauliza uraia wa mtu. Kwa hiyo amani ya mpaka huo ni sehemu ya kifuniko chenyewe.