Kijiji cha Wengine: Fumbo na Kicheko katika Das Halstuch

Imezoeleka kudaiwa kwamba thamani ya hadithi ya upelelezi imo katika kulificha jina la mhalifu. Makala haya yanalihoji dai hilo kwa kurejelea kisa kilichotokea Ujerumani Magharibi mnamo Januari 1962.

Das Halstuch, yaani Skafu, ni mchezo wa televisheni wa sehemu sita uliotungwa na Mwingereza Francis Durbridge na kuongozwa na Hans Quest. Mandhari yake ni Littleshaw, kijiji cha Uingereza ambako mwanamke kijana amenyongwa kwa skafu. Taharuki yake ilikuwa kubwa hata mitaa ikabaki mitupu saa za maonyesho. Kabla ya sehemu ya mwisho, mchekeshaji Wolfgang Neuss alitoa tangazo katika gazeti moja la Berlin, akamtaja mwigizaji Dieter Borsche kuwa ndiye muuaji na kuwahimiza watu waende sinema, ambako filamu yake mwenyewe ilikuwa ikionyeshwa. Gazeti la Bild likamwita msaliti wa nchi.

Je, Neuss aliiua kazi hiyo? Fasihi ya Kijerumani yenyewe inatupa jibu. Katika Der zerbrochne Krug, tamthilia ya Heinrich von Kleist iliyoigizwa mara ya kwanza Weimar mwaka 1808, hakimu Adam wa kijiji cha Huisum, Uholanzi, anasikiliza kesi ya gudulia alilolivunja yeye mwenyewe. Hadhira humtambua mapema. Kicheko chatokana na kumtazama akinaswa na ulimi wake. Kwa hiyo, siri inapofichuka, fumbo halifi bali swali hubadilika: badala ya kuuliza ni nani, twauliza anajifichaje.

Swali hilo la pili ndilo zito zaidi. Kazi zote mbili zimeiweka hatia katika kijiji cha ng'ambo. Tena, Das Halstuch ilianza kuonyeshwa chini ya wiki tatu baada ya Adolf Eichmann kuhukumiwa kifo mjini Jerusalem, tarehe 15 Desemba 1961. Hatudai kwamba tukio moja lilisababisha jingine. Hata hivyo, hadhira iliyomsaka muuaji Littleshaw kwa shauku kubwa hivyo ilikuwa na wauaji wake wa kuwatafuta nyumbani. Nyani haoni kundule. Kleist alimweka mhalifu katika kiti cha hakimu; hadhira ya 1962 ilimkasirikia aliyemtaja mhalifu.