Kutoka Gamba la Kambakoche hadi Bakuli la Mbwa
Glukosamini, dutu inayotawala virutubisho vya mbwa wenye viungo vilivyokakamaa, ilipatikana mwaka 1876 pale Mjerumani Georg Ledderhose alipochemsha magamba ya kambakoche katika asidi kali ya hidrokloriki. Zikabaki fuwele, chembe ngumu zinazong'aa, naye akazitambua kuwa ni kitu kipya. Mbwa hakuwamo kabisa katika hesabu zake. Umbo kamili la molekuli hiyo lilithibitishwa na Walter Haworth mwaka 1939.

Kitabu cha daktari Jason Theodosakis cha 1997 kiliwasukuma Wamarekani wengi kwenye vidonge vya glukosamini kwa ajili ya magoti yao, na mbwa wao nao wakapata mgawo. Hoja ilikuwa rahisi, pengine rahisi mno: gegedu hujengwa kwa glukosamini, basi mnyama alishwe glukosamini. Sheria ya Marekani ya 1994 iliyolegeza masharti ya virutubisho vya binadamu haikuwahusu wanyama, na mwaka 1996 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, ikatamka hivyo. Biashara haikusita.

Sokoni yaliingia pia mafuta ya samaki na unga wa kome wenye ukingo wa kijani kutoka New Zealand. Katika majaribio ya mbwa, mafuta ya samaki yenye omega-3 yana ushahidi bora kuliko glukosamini, iliyo mashuhuri kuliko virutubisho vyote hivyo.