Msafiri wa Kanyangi na Gari la Senti Thelathini

Mtu wa Kanyangi, katika nchi ya Kitui ambayo Mto Athi huitenga na Makueni, hakufundishwa kusafiri na mji. Safari ilikuwa kazi ya wazee wake. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilichukua pembe za ndovu kwa miguu mpaka Mombasa. Mwaka 1849 Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, alimkaribisha kwake mmisionari Krapf, na huko Kitui Krapf akauona Mlima Kenya kwa macho yake. Katika misafara ile mgeni hakupotea upesi, kwa kuwa mbele yake alikwenda mtu ajuaye visima, vivuko na lugha za watu. Kitukuu cha wasafiri hao alipofika Nairobi alikuta njia nyingi, lakini kiongozi hakuwapo.

Nairobi ilizaliwa na reli mwaka 1899. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika kuwa mpita njia tu: aliye mikono ya kazi, si mwenyeji. Alivaa kipande shingoni, na makao yake yalikuwa upande wa mashariki, Pumwani na baadaye Kaloleni. Bali kazi nyingi zilikuwa mbali, katika nyumba na bustani za Wazungu upande wa magharibi. Mabasi ya mji yalianza mwaka 1934. Kwa mgeni asiyejua kusoma, basi lilikuwa mtihani. Namba iliyoandikwa juu yake haikumwambia kitu, na aliyepanda basi lisilo lake alilipa mara mbili. Nauli ya pili aghalabu ilikuwa chakula chake cha jioni. Kwa hiyo wengi walitembea, alfajiri na magharibi, si kwa kupenda, bali kwa sababu miguu haidai nauli.

Yakaja majaribu makubwa kuliko hayo. Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, wafuasi wa Mau Mau waliamuru mabasi ya mji yasusiwe, na kupanda basi kukawa jambo la hatari. Aprili 1954 serikali ikauzingira mji, ikawakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka kizuizini. Nafasi za kazi walizoziacha zilijazwa na watu wa makabila mengine, Wakamba wakiwamo. Basi, msomaji, fikiri hali ya kijana mgeni aliyeketi katika kiti kilichoachwa na mtu aliyefungwa. Riziki yake ilikuwa halali, walakini ilitokana na msiba wa jirani.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 watu walimiminika Nairobi, na mipaka ya mji ikapanuliwa. Hesabu ya mwaka 1969 ilikuta watu 509,286. Mabasi hayakutosha, tena kampuni moja tu ndiyo iliyopewa haki ya kuwachukua abiria wa mji. Ndipo watu wenye magari makuukuu walipoanza kubeba abiria kwa siri, huku wakiwakimbia askari. Nauli yao ilikuwa senti 30, na kwa Kikuyu waliziita mang'otore matatu, yaani sarafu tatu za senti kumi. Hapo ndipo lilipotoka jina la matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kufanya kazi bila leseni ya uchukuzi.

Faida yake kwa mgeni ilikuwa kubwa. Hakuhitaji kusoma namba, kwa maana utingo aliita jina la mahali kwa sauti. Akishika sarafu tatu mkononi alikuwa na hakika ya kufika. Lakini si vema kusifu upande mmoja tu. Magari hayo yalijazwa kupita kiasi, yakaendeshwa kwa pupa, na mengi yakaua watu. Sheria ya mwaka 1984 ilijaribu kuyatengeneza. Kanuni kali zilizotekelezwa mwaka 2004 ziliamuru mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo, na mstari wa manjano ubavuni uonyeshao njia ya gari.

Senti 30 leo hazinunui kitu, lakini jina limebaki, nalo ni ushuhuda. Mji haukuwatengenezea wageni njia ya kwenda kazini. Njia hiyo ilitengenezwa na watu wadogo, kwa magari mabovu, nao wakaipa jina la kiasi ambacho maskini aliweza kulipa.

Kwa miaka mingi mabasi ya Ukambani yamewashusha abiria Nairobi katika kituo kiitwacho Machakos. Mgeni hushuka hapo na mzigo wake, akasimama, akatazama huku na huku. Kuuliza si ujinga, naye huuliza. Mara nyingi amjibuye ni mtu aliyesimama pale pale miaka iliyopita, akauliza swali lile lile. Huyo ndiye kiongozi wa msafara katika zama zetu. Nawe, kijana usomaye, siku utakapoijua njia ya mji, kumbuka kwamba hukuijua peke yako, na umwonyeshe ajaye nyuma yako.