Kutoka "kafiri" hadi "neno la K": safari ya tusi la rangi nchini Afrika Kusini

Nchini Afrika Kusini lipo neno ambalo magazeti na redio hulitaja kwa herufi yake ya kwanza tu: "neno la K". Mwajiriwa anayelitamka dhidi ya mwenzake mweusi anaweza kupoteza kazi, na anayemtupia askari polisi anaweza kufungwa jela. Msemaji wa Kiswahili anayelisikia kwa mara ya kwanza hushangaa, kwa kuwa neno lenyewe amelijua tangu utotoni. Ni neno "kafiri", ambalo katika Kiingereza na Kiafrikana cha huko liliandikwa "kaffir" au "kaffer".

Kwa Waswahili ni istilahi ya dini. Kwa Mwafrika Kusini mweusi ni tusi la rangi lililo zito kuliko mengine yote. Kwa kuwa wasikilizaji wetu wengi wana ndugu wanaoishi au kufanya kazi Johannesburg, Durban na Cape Town, ni vyema kufahamu jinsi neno moja lilivyopata maana mbili zilizo mbali kiasi hicho, na kwa nini asili yake ya dini haimwokoi anayelitamka kule.

Shina la Kiarabu

Neno hili limetokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kufunika au kuficha. Katika Kiarabu cha kale hata mkulima aliweza kuitwa kwa jina hilo, kwa sababu huifunika mbegu kwa udongo. Katika lugha ya dini ya Kiislamu, kafiri ni yule anayeifunika haki, yaani asiyeamini. Kiswahili kilipokea maneno kadhaa ya ukoo huo: kufuru, kukufuru, ukafiri, na hata kafara, ambayo ni kitu kitolewacho ili kufunika dhambi.

Katika maana hiyo rangi ya ngozi haikuwa na nafasi yoyote. Mweupe asiyeamini aliitwa kafiri, na mweusi aliyeamini hakuitwa hivyo. Jimbo moja la milimani nchini Afghanistan liliitwa Kafiristan kwa sababu wakazi wake hawakuwa Waislamu. Baada ya Amiri Abdur Rahman kuliteka katika majira ya baridi ya 1895 na 1896 na wakazi kusilimishwa, liliitwa Nuristan, nchi ya nuru. Watu walibaki wale wale, lakini dini ilipobadilika jina nalo likabadilika.

Mabaharia walijifunza jina pwani

Wafanyabiashara Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Malindi na Kilwa hadi Sofala, waliwaita makafiri watu wa bara na wa kusini ambao hawakuwa wa dini yao. Wareno walipofika katika bandari hizo mwaka 1498 na miaka iliyofuata, walilisikia neno hilo vinywani mwa wenyeji na kulichukua kwa umbo la "cafre". Hawakuwa Waislamu, kwa hiyo maana yake ya dini haikuwahusu. Kwa mujibu wa maana hiyo, wao wenyewe walikuwa makafiri. Walidhani kwamba ni jina la watu, wakaliandika kwenye ramani zao, na sehemu kubwa ya kusini mashariki mwa Afrika ikaitwa Cafraria.

Hapo ndipo neno lilipogeuka kwa mara ya kwanza. Lilitoka katika kutaja imani, ambayo mtu anaweza kuibadilisha, likaingia katika kutaja watu kwa asili yao, jambo ambalo hakuna awezaye kulibadilisha.

Jina la ramani, kamusi na soko la hisa

Waholanzi walioanzisha kituo chao Rasini mwaka 1652 walilirithi neno hilo kutoka kwa Wareno. Mwanzoni matumizi yake yaliyumba. Huko Cape Town liliwataja pia wasaidizi wa afisa aliyesimamia sheria, ambao wengi wao walikuwa watumwa na wafungwa walioletwa kutoka Asia. Baadaye lilitulia juu ya jamii moja hasa, Waxhosa walioishi mashariki mwa koloni hilo.

Waingereza nao wakaliingiza katika nyaraka za serikali. Mwaka 1847 walitangaza koloni lililoitwa British Kaffraria, lenye makao makuu King William's Town, mji ambao tangu 2021 unaitwa Qonce. Koloni hilo liliunganishwa na Koloni la Rasi mwaka 1866. Mapigano tisa kati ya Waxhosa na wakoloni, yaliyodumu kwa vipindi kuanzia 1779 hadi 1879, yalipewa jina hilo hilo katika vitabu vya historia. Sarufi ya Kixhosa iliyochapishwa na mmishonari William Boyce huko Grahamstown mwaka 1834 ililiweka neno hilo katika anwani yake, na vivyo hivyo kamusi kubwa ya Albert Kropf iliyotolewa Lovedale mwaka 1899.

Jijini London, katika miaka ya 1890, hisa za migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini zilijulikana sokoni kwa jina hilo, na mwaka 1895 bei zake zilipanda mno kabla ya kuporomoka. Mtama uliitwa nafaka "ya" watu hao, na pombe yake ikaitwa hivyo hivyo.

Wapo wanaotumia kumbukumbu hizi kudai kwamba neno halikuwa na ubaya. Hoja hiyo ina upungufu. Ni kweli kwamba Boyce na Kropf hawakuandika vitabu vyao ili kutukana. Hata hivyo, Waxhosa hawakujiita hivyo. Walikuwa na jina lao, na ukoloni ukaliweka kando na kuandika jina walilopewa na wengine. Kuibadilisha dharau kuwa tusi la wazi hakukuhitaji hatua kubwa.

Jina linageuka tusi

Hatua hiyo ilipigwa shambani, migodini na jikoni. Kadiri ardhi ilivyochukuliwa na watu weusi kulazimika kufanya kazi ya ujira chini ya walowezi, ndivyo neno lilivyoacha kuwataja Waxhosa pekee. Mzulu, Msotho na Mtswana wote wakaitwa hivyo. Mzee mwenye wajukuu aliitwa hivyo na mtoto wa mwajiri wake. Katika Kiafrikana neno likawa pia kiambishi cha kudharau, hata kazi iliyofanywa ovyo ikaitwa kazi ya watu hao.

Kufikia katikati ya karne ya 20 halikuwa tena jina la kabila wala la dini. Lilikuwa amri fupi ya kumkumbusha mtu mahali alipowekwa. Ndiyo maana waandishi na wanamuziki weusi walilirudisha hadharani ili ulimwengu uone ubaya wake. Mark Mathabane, aliyezaliwa katika kitongoji cha Alexandra, alilitumia katika anwani ya kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1986. Mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya uchaguzi wa kwanza wa kidemokrasia, Arthur Mafokate aliupa wimbo wake wa kwaito jina hilo, akimkataza mwajiri kumwita hivyo. Vijana wa vitongojini waliucheza kwa furaha, kwa kuwa hatimaye mtu mweusi alikuwa akijibu kwa sauti ya juu.

Kisa cha neno "Bantu"

Jambo linaloonyesha vizuri zaidi nguvu ya historia ni hatima ya neno lingine, ambalo sisi hatuoni aibu kulitaja. Mtaalamu wa lugha Wilhelm Bleek, katika maandishi yake ya miaka ya 1850 na 1860, alilitumia neno "Bantu" kutaja familia ya lugha zenye neno linalofanana na "watu" la Kiswahili. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, Wabantu ni jina la kitaaluma lisilomuudhi mtu.

Serikali ya ubaguzi wa Afrika Kusini ililichukua na kuligonga muhuri juu ya kila kilichokandamiza. Sheria ya mwaka 1953 iliyowapa watoto weusi elimu duni iliitwa Sheria ya Elimu ya Kibantu, na idara iliyosimamia vitambulisho vya kupitia na uhamishaji wa watu ikachukua jina hilo. Steve Biko na wanafunzi wenzake, mwishoni mwa miaka ya 1960, walilikataa, pamoja na jina la "wasio weupe", wakachagua kujiita Weusi. Mpaka leo kumwita mtu "Mbantu" nchini humo humkumbusha kitambulisho cha kupitia. Neno lenye maana ya "watu" liligeuzwa kuwa njia ya kuwanyima watu utu wao.

Mbele ya mahakama

Hata kabla ya ubaguzi kuanguka, majaji walianza kukiri uzito wa neno la K. Mwaka 1976 mahakama ya Natal iliamua kwamba kumwita mtu mweusi hivyo ni kumvunjia heshima, na kwamba aliyeitwa ana haki ya kudai fidia. Baada ya Katiba ya 1996, Sheria Namba 4 ya mwaka 2000 kuhusu usawa ilipiga marufuku kauli za chuki zinazotokana na rangi.

Kesi tatu za karibuni zinaonyesha mipaka ilipo. Mnamo Novemba 2016, Mahakama ya Katiba iliamua suala la mfanyakazi wa mamlaka ya mapato aliyelitumia neno hilo dhidi ya msimamizi wake mwaka 2007. Msuluhishi alikuwa ameagiza arudishwe kazini. Jaji Mkuu Mogoeng Mogoeng na wenzake walitengua agizo hilo, wakieleza kwamba neno hilo lilibeba ndani yake chuki na kiburi cha rangi kwa pamoja. Kwa kuwa mwajiri alikosea utaratibu wa kumfukuza, mfanyakazi alipewa fidia ya mshahara wa miezi sita, lakini kazi hakurudishiwa.

Mwaka 2018, mahakama ya Randburg ilimhukumu mwanamke mmoja, aliyekuwa dalali wa nyumba, kifungo cha miaka mitatu, mmoja ukiwa umeahirishwa. Alilitamka neno hilo mara 48 dhidi ya askari polisi weusi waliokuja kumsaidia baada ya gari lake kuvunjwa kioo na kuibiwa. Ilikuwa mara ya kwanza nchini humo mtu kufungwa jela kwa matusi ya namna hiyo.

Mwaka huo huo Mahakama ya Katiba iliamua kesi ya mfanyakazi wa mgodi aliyedai, kwa hasira, gari la "yule mtu mweusi" liondolewe kwenye maegesho. Maneno hayo mawili hayana tusi. Mahakama ilisema kipimo ni jinsi mtu wa kawaida, mwenye busara na anayeifahamu historia ya nchi, angeyaelewa katika mazingira yale, na ikaona kwamba yalikuwa ya kibaguzi.

Jina linapofutwa, jina linapobaki

Mabadiliko yamefika hadi kwenye majina ya miti. Mimea mingi ya kusini mwa Afrika ilipewa majina ya kisayansi yenye neno "caffra" au "caffrum". Julai 2024, wataalamu wa mimea waliokutana Madrid walipiga kura kubadilisha majina zaidi ya 200 ya aina hiyo yawe na mzizi wa "afr", wenye kutaja Afrika. Pendekezo lilitoka kwa watafiti wa Afrika Kusini. Mti wa pwani wenye maua mekundu ulioitwa Erythrina caffra sasa ni Erythrina affra.

Wakati huo huo, huko Sri Lanka, karibu na mji wa Puttalam, ipo jamii ndogo ya watu wenye asili ya Afrika. Mababu zao waliletwa na Wareno, Waholanzi na Waingereza kama watumwa na askari. Wao hujiita kwa jina hilo hilo bila kuona haya, kwa sababu katika kisiwa chao halikuwahi kuwa silaha dhidi yao kama lilivyokuwa Johannesburg. Herufi ni zile zile. Kilichotofautiana ni yaliyotendwa na waliolitamka.

Onyo kwa wasemaji wa Kiswahili

Durban ina jamii ambayo imeishi na maana zote mbili. Kuanzia 1873 Waingereza walileta huko watumwa waliokombolewa baharini, wengi wao Wamakua Waislamu kutoka kaskazini mwa Msumbiji, waliokuja kuitwa Wazanzibari. Serikali ya ubaguzi iliwaorodhesha miongoni mwa "Waasia wengine" na kuwahamishia Chatsworth. Katika jamii kama hiyo kafiri ni neno la darasa la dini, lakini nje ya mlango ni neno la mwenye bunduki.

Nasi hatuna haja ya kujiona wasafi. Pwani yetu ya karne ya 19 ilimwita mtu wa bara "mshenzi", neno linalotokana na Zanji, jina la kale la watu wa pwani hii, na walowezi wa Kenya wakalitumia dhidi ya Waafrika wote. Leo mshenzi ni mtu asiye na adabu, awe wa kabila lolote. Neno hilo lilitoka katika asili ya mtu likaenda kwenye tabia yake. Neno la K lilitoka katika imani likaenda kwenye rangi.

Kwa hiyo mgeni anayeishi Afrika Kusini asitegemee kamusi. Akizungumza kuhusu dini na watu wasiomfahamu, ni salama kusema "asiyeamini" au "asiye Mwislamu". Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa. Wageni wenyewe wanalijua hilo, kwani wao nao huitwa "amakwerekwere", tusi la kukejeli lugha zao, ambalo lilisikika mitaani Mei 2008 wakati ghasia dhidi ya wageni zilipoua watu 62. Tusi hilo bado ni changa kuliko neno la K, lakini limekwisha kuua.