Randa
Randa ni kifaa cha seremala cha kunyoosha na kulainisha mbao. Kisu chake kipana hulala kwa nyuzi 45 hivi ndani ya kiwiliwili cha mti au chuma, makali yakichungulia kidogo tu chini ya kitako. Katika randa ya mti kisu hubanwa kwa kabari. Nyingi za chuma hufuata muundo wa Mmarekani Leonard Bailey, ambaye kampuni ya Stanley ilinunua kazi yake mwaka 1869.

Anayejifunza nyumbani hukwamishwa na makali zaidi kuliko nguvu. Kisu hunolewa kwa nyuzi 25 hadi 30 mpaka kidole kihisi ukwaru upande wa nyuma, nao huondolewa kwa kulaza kisu bapa juu ya jiwe. Ubao ukichanika badala ya kulainika, hugeuzwa na kupigwa kutoka upande wa pili. Msonobari husamehe, lakini mvule, wenye nyuzi zinazopishana, humtesa hata fundi. Maranda membamba yanayojikunja ni dalili njema, na wafugaji huyatandika mabandani mwa kuku. Randa isiyotumika hulazwa ubavu.