Zebaki Ngazini

Mwaka 1660 Robert Boyle, mzaliwa wa Lismore huko Ireland, alichapisha kitabu kuhusu hewa. Alikuwa ameichunguza kwa pampu aliyoundiwa na msaidizi wake, Robert Hooke, akaamini kwamba hewa ni kama springi: ukiibana, nayo inakusukuma. Mwaka uliofuata kasisi Mjesuiti, Franciscus Linus, alimpinga. Hewa, alisema, ni dhaifu mno, haiwezi kubeba zebaki ya inchi 29 katika neli iliyozibwa juu na kuwa wazi chini. Kinachoishikilia zebaki ile, alidai, ni uzi usioonekana.

Boyle alimjibu kwa vipimo. Alichukua neli ya kioo iliyopindwa kama herufi J, mkono mfupi umezibwa, mrefu uko wazi. Neli ndefu ya kwanza ilivunjika. Nyingine haikuenea chumbani kwa urefu wake, ikasimamishwa penye ngazi, mguu wake ndani ya sanduku la mbao ili zebaki isipotee kioo kikipasuka tena. Mtu mmoja alimimina zebaki kutoka juu, kidogo kidogo. Mwingine chini alisoma alama kwenye ukanda wa karatasi uliobandikwa kwenye kioo.

Mwanzoni hewa iliyofungiwa ilichukua nafasi 48 za ukanda huo na kubanwa na inchi 29⅛ za zebaki, yaani mgandamizo wa hewa ya nje peke yake. Ilipofinywa hadi nafasi 24, mgandamizo ulifika inchi 58 13/16. Kwenye nafasi 12 ulikuwa inchi 117 9/16. Hewa ile dhaifu ya Linus sasa ilikuwa inahimili mara nne ya mzigo wake wa kwanza!

Zidisha nafasi kwa inchi katika kila jozi uone: 1,398, kisha 1,411.5, kisha 1,410.75. Tofauti haifiki asilimia moja. Huu ndio uwiano kinyume, na hapa wanafunzi wengi huteleza. Haitoshi kwamba kimoja kikipanda kingine kinashuka. Mshumaa nao hupungua kadiri saa zinavyosonga, lakini ukizidisha urefu wake kwa saa, jibu linabadilika kila mara. Katika uwiano kinyume, ukigawa kimoja kwa mbili, kingine lazima kiwe maradufu, na zao lao libaki lile lile.

Ninachomheshimia Boyle zaidi ni kwamba, kando ya vipimo vyake, alichapisha pia safu ya namba zilizotarajiwa, na pale zilipopishana hakuzirekebisha.

Jedwali hilo lilitoka mwaka 1662, na uwiano unaoonekana ndani yake vitabu vya shule huuita kanuni ya Boyle. Yeye mwenyewe aliandika kwamba dhana ya uwiano huo ilikuwa ya Richard Towneley, ambaye mwaka 1661, pamoja na tabibu Henry Power, alipima hewa kwenye kilima cha Pendle, kaskazini mwa Uingereza. Mwalimu anayeifundisha kanuni hii na amtaje Towneley pia.